Uso wa Bibi Yako na Fomu ya Nyumba ya Wageni

Magomeni,
Mtwara.
Alhamisi, 20 Februari 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Ines,

Nakusalimu kutoka nyumbani, na pole na baridi ya huko Japani. Ulisema juzi kwamba theluji imefika magotini, nikajaribu kuipima akilini nikashindwa, maana hapa kwetu kinachofika magotini ni matope ya njia ya Ziwani tu. Kifua kimepoa? Unakula? Bado unakunywa ule mchuzi wa maharage asubuhi, au umerudi kwenye chai? Sisi tu wazima. Magoti ya bibi yako huuma kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua haiachi kukaribia. Mimi kwa miwani uliyonitumia nasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya dawa.

Nimeshika kalamu kwa sababu ninayotaka kukuambia hayasemeki kwenye simu. Nyumba yetu unaijua: ukikohoa chumbani, wa sebuleni anakuambia pole. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie leo hii, na karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Uisome ukiwa umekaa.

Kwanza nakushukuru kwa barua zako za hosteli. Bibi yako nimemsomea zote. Vile vitanda vilivyopangwa ukutani kama mizinga ya nyuki, kila kimoja na pazia lake na taa yake, alitaka nivisome mara mbili. Akauliza, "Na mwenye kukoroma wanampa mzinga gani?" Nilipofika kwenye ile nyumba ya wageni ya kijadi kule milimani, ambako viatu huachwa mlangoni vikageuzwa vitazame nje, na wageni hutandikiwa godoro juu ya mikeka, alicheka hadi akafuta machozi. "Miaka hamsini tumehangaika kutoka mkekani kupanda kitandani, leo mtoto ananipandisha ndege nikalale mkekani!"

Lakini niliposoma kuhusu maji ya moto yanayotoka ardhini, na wazee wenye magoti kama yake wanaokaa humo mpaka shingoni, hakucheka. Aliuliza tu zimebaki siku ngapi.

Tangu hapo begi lilikaa wazi juu ya kiti. Kila siku kiliongezeka kitu: doti mbili za kanga, sweta, karanga zako. Kila aliyepita mlangoni alielezwa kwamba mjukuu anahitimu Machi, na kwamba baada ya mahafali tutalala siku tatu kwenye nyumba yenye maji ya moto.

Kisha tarehe 8 ukanitumia fomu ya nyumba ile. Swali la tisa: je, yupo mgeni yeyote mwenye alama zilizochorwa au kuchanjwa mwilini? Jibu lifike kabla ya tarehe 20 kwisha. Chini yake ukaandika kwamba nijaze Hapana, ninunue plasta pana za mashavuni na za kipaji cha uso, na Bibi avae barakoa akiwa nje ya chumba. Ni siku tatu tu, ulisema.

Sikulaumu, mjukuu wangu. Ulinieleza kwamba huko, kwa miaka mingi, alama za mwilini zimekuwa za magenge ya wahalifu, na kwa hiyo nyumba nyingi haziruhusu mwenye alama kuingia bwawa la pamoja la maji hayo ya moto. Hawachambui nani jambazi na nani bibi wa mtu. Ulinieleza pia ulivyomwona msafiri mmoja, mwanamume mzima, akirudishwa mlangoni pa bwawa na taulo lake mkononi watu wakitazama. Hukutaka bibi yako asimame pale. Nami sikutaka. Katika hilo tulikuwa pamoja.

Basi Jumanne tarehe 11 nikaenda steshenari, nikaichapisha fomu, nikatia alama penye Hapana, wakaituma. Nikapita duka la dawa nikanunua pakiti mbili za plasta, za rangi ya ngozi ya watu wengine kabisa. Niliporudi nikazificha chini ya vitunguu. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini sijui ni kipi kilichonifundisha kuficha kitu mahali ambapo mpishi hutia mkono kila siku.

Alizikuta kabla ya chakula cha mchana. Jirani yetu Mwanaisha alikuwa barazani akichambua mchele.

"Nani kaumia?" bibi yako akauliza.

Nikajifanya nasoma.

"Celestino. Nani kaumia humu ndani?"

"Si Babu huyo," Mwanaisha akadakia. "Kajikata na gazeti."

Hakuna aliyecheka. Ikabidi niseme yote: fomu, swali la tisa, jibu nililotia, barakoa. Bibi yako akachana pakiti, akatoa plasta moja, akaibandika shavuni juu ya nembo zake za kuchanjwa, akaenda kujitazama kwenye kioo cha mlangoni. Alikaa pale muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameibandua, na shavu lilikuwa jekundu kidogo. Akaniambia kwa Kimakonde, taratibu, "Mdogo wangu, safari hii sina chakula cha kuacha mezani."

Mwanaisha hakuelewa. Wewe pia hungeelewa, hata lugha ungeijua. Kwa hiyo nakuandikia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Unajua kwamba tulivuka mto wa mpakani mwaka 1967, tukashukia Kilambo. Dada yangu, bibi yako, alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na miwili. Sote wawili tulikwisha chanjwa usoni kule ng'ambo; zake zilikuwa zimekomaa, zangu hazijatimiza mwaka. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbono kwenye damu, na mama alinishika kichwa mapajani mwake. Nilikuwa na pembe tatu kila shavu, moja ndani ya nyingine. Wewe umekua ukiona mabaka tu mashavuni mwangu, na ulipouliza nilikuambia ni ajali ya jiko. Haikuwa ajali, wala hapakuwa na jiko.

Mwaka 1975 niliitwa Mtwara mjini kwa usaili wa chuo cha ualimu. Ulikuwa mwaka ambao wenzetu wengi walikuwa wanafunga mizigo kurudi ng'ambo, maana kule uhuru ulikuwa umepatikana. Sisi tulibaki, nami nilitaka kubaki nikiwa mwalimu. Nilihitaji chumba kwa wiki moja. Mwenye nyumba ya wageni, marehemu sasa, hakuniuliza jina. Alinitazama mashavuni akasema, "Wamawia hatulazi hapa. Mnatisha wageni." Ndivyo walivyotuita sisi wa ng'ambo, na halikuwa jina la heshima.

Mbangua korosho yeyote wa huku anajua mafuta ya ganda yanavyochuna vidole. Nilikwenda kwa mtu wa Ziwani aliyekuwa akichoma maganda ya korosho, nikayakinga mafuta kwenye kifuu, nikayapaka mashavuni juu ya nembo kwa unyoya wa kuku. Sitakueleza siku tatu zilizofuata. Siku ya nne nilirudi kwenye nyumba ile nimefungwa bandeji, nikasema nimeungua. Yule mtu hakunitambua. Akanipa ufunguo.

Jumamosi alasiri nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi nikisoma. Bibi yako akaingia. Alikuwa ametembea kutoka Kilambo tangu alfajiri, kwa kuwa mtu alimwambia kwamba mdogo wake yuko mjini anashinda na njaa. Amebeba furushi, na uso wake wote uko wazi. Mwenye nyumba akamzuia mlangoni. Akamwuliza anamtaka nani, naye akaninyooshea kidole.

"Kijana, unamjua mama huyu?"

Nilimtazama dada yangu. Nikasema, "Simjui."

Ines, hakupiga kelele. Hakuniita hata jina. Alisogea mezani akaliweka furushi, akamwambia yule mtu, "Basi mpe tu kijana huyo. Anaonekana ana njaa." Akatoka. Lilikuwa na mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga. Nilikula. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilikula. Yeye alilala kwenye kibanda cha sokoni, akarudi kwa miguu.

Tangu siku ile hadi juzi hakulitaja. Tumezikiana wenzi wetu, tumekulea wewe, tumeishi chini ya bati moja miaka kumi na tisa, na hakulitaja.

Baada ya yale maneno ya plasta, begi likatoka juu ya kiti. Kanga zikarudi kabatini, pasipoti ikarudi chini ya godoro. Chakula alinitengea kama kawaida, kisha akaenda kula peke yake uani. Mahafali yako alikuwa hayataji tena. Nilihesabu siku zilizobaki hadi ndege ya tarehe 14 Machi, nikaona kabisa kwamba utasimama kwenye ukumbi ule na joho lako, na kiti cha aliyekulea kitakuwa kitupu kwa sababu yangu.

Jumapili baada ya kanisa nilimfuata uani nikamwomba radhi, ile ya miaka hamsini na hii ya wiki hii. Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Hilo sijakuuliza. Nakuuliza, wale watu umewaandikia nini?"

"Nimewaandikia huna nembo."

"Waandikie ninazo."

"Dada, wakikataa je?"

"Wakatae. Lakini wakatae wao."

Jumatatu niliwaandikia wenye nyumba kwa Kiingereza changu cha ubaoni, kwa anwani iliyo chini ya fomu. Niliwaambia kwamba jibu la swali la tisa lilikuwa la uongo, na mwenye uongo ni mimi. Niliwaeleza dada yangu ana miaka sabini na mitano, nembo zake alichanjwa akiwa msichana na watu waliompenda, na hana genge lolote isipokuwa kwaya ya akina mama. Mwanaisha akampiga picha mlangoni. Alimwambia avute kilemba mbele kidogo. Bibi yako akakirudisha nyuma, kipaji kizima kikaonekana. "Mpige hivi hivi," akasema, "wasije wakasema tumewauzia mbuzi kwenye gunia."

Siku tatu hizo sikulala vizuri. Kila simu ilipolia nilidhani ni wao, au ni wewe unauliza kwa nini.

Jibu limekuja leo asubuhi. Bibi yako alikuwa kwenye ngazi za nyuma anaosha mchele.

"Wamesemaje?"

"Wanaomba radhi. Mara nne."

"Kisha?"

"Chumba tutapewa. Chakula cha jioni wataleta chumbani. Bwawa la pamoja hapana."

"Hata alfajiri, watu wakiwa hawajaamka?"

"Hata alfajiri."

Aliacha mchele. Akayashika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayewaambia watoto kwamba sikukuu imeahirishwa. Niliona jinsi alivyokuwa ameyataka maji yale.

"Lakini mlango wanafungua?"

"Wanafungua. Wanasema karibu."

"Wakijua?"

"Wakijua. Picha wameiona."

Akaurudia mchele. Kisha akasema, "Waulize kama wana beseni na birika. Kuoga sijaanzia Japani."

Hapo ndipo Mwanaisha alipocheka kule barazani, na mimi nikacheka, na bibi yako akatuuliza tunacheka nini. Nilipoingia ndani kutafuta kalamu, begi lilikuwa juu ya kiti.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, usibadilishe nyumba, wala usigombane nao. Wametuambia wanachoweza na wasichoweza, na nimewaheshimu kwa hilo. Waulize habari ya beseni. Wewe ingia bwawani, ukae mpaka shingoni, utoke utusimulie. Nimesoma kwamba vazi wanalopewa wageni hapo, upande wa kushoto hupita juu ya wa kulia, na kinyume chake ni kwa maiti. Nimekwisha mwonyesha Bibi kwa kanga, asije akakosea. Barakoa ya kufichia uso usimletee uwanja wa ndege, labda ya mafua.

Na ombi moja. Tukifika hosteli kwako usiku wa kwanza, mwache bibi yako atangulie mezani pa mapokezi. Mimi nitakuwa nyuma yake na pasipoti zetu mbili. Atakayekuwa pale akiinua macho akauliza kama namjua mama huyu, jibu ninalo. Nimechelewa nalo sana, lakini ninalo.

Wakusalimu Mwanaisha na shangazi yako Neema wa Kilambo, ambaye anauliza kama theluji ina ladha. Nisalimie Joshua mnayesoma naye, na yule mama wa hosteli aliyekupa blanketi la pili. Mungu akuvushe mitihani iliyobaki, na akupe kulala salama chini ya paa lolote utakalofikia.

Nakupenda, na nakuomba radhi nawe, kwa ajali ya jiko.

Wako akupendaye,
Babu Celestino.

N.B. Zile plasta zimo begini. Bibi yako amezitia mwenyewe. Viatu vya safari ni vipya, anasema vitamchubua.