Tundu la Sikio la Kushoto

Jumatatu, 24 Machi

Nimekosea. Mimi! Mimi ninayelipwa kuona.

Leo tulikuwa chumba cha uhariri, mimi na Ghislaine, muongozaji wetu, tukitazama chakula cha mchana cha bandani, kwenye banda la kupikia shira. Ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Watu arobaini wamevaa buluu tupu, alivyotaka Ghislaine, wanakula maharage kwa mwendo mmoja kama wanacheza ngoma, na Odile, mpenzi wangu na mwigizaji wetu, yuko katikati yao, na ndevu zake na koti lake la mwalimu, hajamwambia mtu yeyote kitu. Halafu anageuka kucheka. Ghislaine akasimamisha picha.

"Hicho nini, kipenzi?"

Tundu. Kwenye ndewe ya kushoto. Nta ya kuziba imedondoka, na kwenye skrini ile tundu linaonekana kubwa kama sarafu. Mwanamume ambaye bado hajakiri hata moyoni mwake kwamba ni mwanamke, na sikio limetogwa!

Kazi yangu ni mwendelezo. Kabla ya kila kipande nahakikisha hakuna kilichobadilika — kifungo, glasi, unywele. Daftari langu la Machi ya mwaka jana linasema: "Kipande cha nne, sawa." Mwandiko wangu mwenyewe.

Najua kwa nini. Niliutazama uso ule na sikuona cha kurekebisha. Siku alipotogwa mimi ndiye niliyemshika mkono. Kwangu tundu lile lilikuwa mahali pake.

Ghislaine anataka turudie Jumapili, theluji ikiwa bado ipo, bandani kulekule kwa mzee Réjean. Yaani ndevu za gundi, koti, kifua kilichokazwa kwa kitambaa. Yaani Odile awe tena yule mwanamume. Na Réjean ni baba yake.

Sijamwambia Odile.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia jikoni, akimenya viazi. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Kiazi kimoja alikimenya mpaka kikabaki kama njugu.

Mwaka mzima tumepiga filamu hii kidogo kidogo, ili kubadilika kwake kuwe kwa kweli mbele ya kamera. Alikubali kwa sharti moja: vipande vya "kabla" vikiisha, vimeisha.

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Na nani hakuona?"

"Mimi."

Akacheka! "Wewe? Wewe ambaye nikihamisha mswaki unaniuliza kuna nini?"

Kisha, polepole: mwaka jana siku ile mzee alifurahi mno. Kila aliyepita na sahani aliambiwa yule pale ni mwanangu wa kiume, msanii. "Sasa niende nimebandikwa ndevu, afurahi tena? Halafu nizibandue mbele yake?"

Agosti alimwandikia baba yake barua ya kurasa nne, kumweleza yeye ni nani. Hakujibiwa. Krismasi yakaja makopo mawili ya shira ya mepo, ile anayoipika mwenyewe kwa utomvu wa miti, bila neno. Kila mwaka huja moja. Odile anasema shira ni shira. Mimi nasema — mawili!

Jumatano, 26 Machi

Nimemwomba Ghislaine akiache kipande kilivyo. Hakuna atakayeona.

"Wataona, na watacheka. Na watakayemcheka si wewe."

Basi kikatwe. Akasema bila mlo ule hakuna anayejua Odile aliacha nini mezani. Amesema kweli. Ninamchukia akisema kweli.

Alhamisi, 27 Machi

Usiku baridi, mchana jua: utomvu unatiririka. Redio inasema imebaki wiki moja, kisha miti itachipua na shira itakuwa chungu. Odile hasemi kitu. Ameosha madirisha yote ya nyumba. Na theluji iko nje!

Ijumaa, 28 Machi

Odile amempigia simu Ghislaine mwenyewe, mimi nikisikiliza mlangoni bila aibu. "Nitakuja. Lakini nashuka garini nikiwa mimi. Nikishasalimiana na baba, ndipo mnibandike. Akinifukuza, hamna kipande." Nadhani Ghislaine alisema ataleta kahawa ya kutosha.

Baadaye, bila kunitazama, akaniuliza: "Wewe ulimpenda yule, au unanipenda mimi?"

Swali nililoliogopa mwaka mzima. Nikamjibu kwamba kama ningejua kuwatenganisha, lile tundu ningeliona.

Kisha akaja akaniegemezea kichwa begani, kizito, kama gunia. Sikusogea mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumapili, 30 Machi

Naandika nimekalia ndoo, nje ya banda. Saa nane mchana. Vidole vimeganda.

Tulifika saa sita. Odile amevaa koti la kijani, nywele kazifunga nyuma. Réjean alikuwa anapanga kuni. Akamtazama. Majirani zake wote arobaini, walewale wa filamu, wamevaa buluu yao, sahani mkononi — hakuna aliyetafuna.

"Baba. Ni mimi."

"Naona." Akamtazama tena, juu mpaka chini. "Viatu hivyo vitaingia maji." Akaingia ndani, kwenye sinia kubwa la kuchemshia utomvu. Mlango akauacha wazi. Odile akanigeukia, kisha akamfuata. Mlango ukafungwa.

Sasa zimepita saa mbili nzima. Mvuke tu unatoka paani. Yvon, mpambaji wetu, anazunguka na zile ndevu kwenye kisahani kama amebeba panya. "Dada, gundi inakauka! Nizibandike wapi, kwangu?" Mama mmoja wa buluu akamjibu: "Jaribu, labda utapata mchumba." Kicheko. Hata mimi.

Punde Réjean akatoka kuchukua kuni. Akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye wa daftari."

"Ndiyo, mzee."

"Bado anapenda mayai ya siki?"

"Anakula mpaka tumbo linamuuma."

Akakohoa, au alicheka, sijui. "Ile barua nimeisoma. Mara nyingi. Mimi kuandika siwezi." Gogo likamdondoka, nikamwokotea. "Mwambie yule wa ndevu asubiri. Shira inakaribia kuiva, na humo ndani nina mtu mmoja tu anayejua kuitazama."

Kutoka kwenye mvuke, sauti ya Odile, ile yake mpya, ya sasa: "Baba, itaungua!"

"Nakuja, nakuja! Usinipigie kelele!" Na akakimbia. Mzee wa miaka sabini, na kuni kifuani, akakimbia.

Sijui kama kipande kitapigwa leo. Sijui kama watatoka humo wakiwa wanaongea. Mawingu yamefika juu ya miti, Ghislaine anapunga mikono yote miwili kutoka kwenye kamera, ananiita, Maude, Maude, mwanga unaondoka!

Uondoke tu.