Tulishuka Kabla Jua Halijazama

Jumatatu, 5 Agosti

Nimechuma chai hadi saa nne, nikapeleka majani kituoni, nikarudi kufunga mizigo. Kichwa cha cherehani nimekivingirisha kwa blanketi kuukuu na kukikaza kwa kamba ya katani. Kizito kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akina mama wa kanisa moja huko Malawi, karibu na Karonga, wameomba mtu wa kuwafundisha kushona pedi za kufua, ili mabinti zao waache kukosa shule kila mwezi. Kanisa letu hapa Ekerenyo limenichagua mimi, mama shemasi wao. Miaka ishirini na miwili nimekanyaga cherehani, na hakuna aliyewahi kuniita mahali. Baba Kwamboka anasema hata Kisumu nimefika mara mbili tu, tena mara moja nikapotea. Mume wangu huyo. Acha aseme. Naenda.

Jumanne, 6 Agosti

Tuko watatu. Mchungaji Onchiri, ambaye ni rika la kitinda mimba wangu. Moraa, nesi kutoka Nyakoe. Na mimi. Tumevuka mpaka wa Tanzania salama, ila mkungu wangu wa ndizi umebaki. Afisa akaniambia kwa upole kwamba mimea haivuki bila kibali. Sikujua. Mgusii haendi kwa watu mikono mitupu, na kwetu zawadi ni ndizi. Moraa amecheka hadi machozi. Nani mwingine, ananiuliza, angebeba mkungu mzima hadi Malawi?

Alhamisi, 8 Agosti

Basi limekufa tangu jana mchana, mbele ya Singida. Tunangoja kipuri. Tulilala kwenye viti, na miguu ya Moraa imevimba. Leo ndiyo tungekuwa tumefika. Mchungaji amempigia simu mwenyeji wetu, Mzee Msiska, anayetungoja upande wa Malawi na pikapu ya kanisa. Nimemkasirikia kila mtu, hata wasio na kosa.

Ijumaa, 9 Agosti, saa tisa alasiri

Basi linakwenda. Tumepita Iringa. Utingo anasema mpaka wa Malawi tutafika saa nne usiku, na jua litazama kabla ya saa moja. Sabato itatukuta barabarani.

Sijasafiri Sabato tangu nibatizwe nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mchungaji anasema Bwana anaona kwamba hatukupenda kuchelewa. Moraa amenyamaza. Mimi sijanyamaza.

Jumamosi, 10 Agosti, jua limeshazama

Kutwa sikugusa kalamu. Sasa naandika, na naandika kwa aibu.

Jana jua lilipokaribia vilima nilisimama nikamwambia dereva asimamishe gari. Mchungaji akanishika mkono. "Mama, tukishuka hapa hatujui tutalala wapi."

Nikamjibu, "Mimi nashuka. Nyinyi endeleeni."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtumishi wa Mungu, mbele ya abiria. Wakashuka nami wote wawili, kwa sababu hawangeweza kuniacha. Utingo akatupa mabegi vumbini haraka haraka, basi likaondoka. Ndipo nikaangalia mizigo. Kichwa cha cherehani kimebaki kwenye buti.

Nimesafiri siku nne kwenda kufundisha kushona, na sina cha kushonea. Kosa ni langu.

Mwanamke anayeuza chakula kando ya barabara ndiye aliyetuchukua. Anaitwa Mama Tumaini. Aliuliza mbona tumeshuka mahali pasipo kituo. Nikamweleza habari ya Sabato. Yeye si Msabato. Hakubishana, aliongeza maji kwenye maharage tu na kuwatoa watoto wake chumbani ili tulale. Leo tumesali humo humo, watatu. Mchungaji alihubiri kwa dakika kumi bila kunitazama.

Jumapili, 11 Agosti

Sikupata usingizi. Nimejiuliza sana na jibu silipendi. Nilishuka kwa ajili ya Sabato, ndiyo. Lakini pia nilishuka ili watu wa Ekerenyo wasije wakasema mama shemasi alisafiri Sabato. Naogopa hilo la pili ndilo lililonisimamisha.

Asubuhi nilimwomba Mchungaji msamaha. Akakuna kichwa. "Mama, hata mimi nilitaka kushuka. Nilimwogopa dereva."

Tulicheka mpaka Mama Tumaini akaja kuona kuna nini. Alikataa pesa zetu. Akatufungia viazi vya kuchemsha, akatusimamishia basi yeye mwenyewe.

Mpakani tumeuliza kila mahali. Hakuna aliyeona blanketi wala cherehani.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumefika.

Mzee Msiska alinieleza njiani kwamba akina mama walikuja Ijumaa wakangoja hadi giza, wakarudi Jumapili, wakarudi tena leo. Laiti asingenieleza. Wamejaa kanisani, wengine na watoto mgongoni. Huku karibu na mpaka wengi wanasikia Kiswahili, ingawa changu cha Kisii kinawachekesha. Nikasimama mbele yao nikasema ukweli: cherehani imepotea, na nimeipoteza kwa ukaidi wangu. Masikio yaliwaka moto.

Mama mmoja mzee, wanamwita NyaGondwe, akauliza, "Hiyo mashine ungetuachia?"

Nikasema hapana, ni ya kazi yangu nyumbani.

"Basi ukiondoka tungeshona na nini?"

Hakuna hata mmoja wao mwenye cherehani. Sisi wote watatu, na kanisa zima la Ekerenyo, hatukuwahi kuuliza.

Jumatano, 14 Agosti

Sindano na uzi. Sijashona kwa mkono kiasi hiki tangu somo la sayansi kimu shuleni. Kidole kina malengelenge. Jana usiku niliujaribu mshono wa kurudi nyuma peke yangu, nikaufumua mara tatu, ndipo leo nikaufundisha kama mtu aliyeujua siku zote. Moraa amewaeleza mabinti habari ya usafi na kuanika juani. Mwanzoni walijificha nyuma ya mama zao. Leo wanauliza wenyewe.

Mshono wa NyaGondwe umenyooka kuliko wangu. Nilimwambia. Akakubali bila haya.

Nina furaha. Sikuitarajia.

Jumamosi, 17 Agosti, jua limeshazama

Ya jana nayaandika leo.

Jioni wote walikuwa wamemaliza na kwenda, isipokuwa NyaGondwe. Mjukuu wake alikuwa anaondoka alfajiri kurudi kwa mama yake, na pedi ya mwisho ilikuwa imebakiza upande mmoja. Macho ya bibi si mazuri kwenye mwanga hafifu. Nikashika kitambaa upande wangu, nikakivuta kinyooke ili aone.

Mchungaji alikuja mlangoni na Biblia yake, tayari kwa sala ya kufungua Sabato. Akatazama nje, akatutazama sisi. Akaketi kwenye benchi karibu na Moraa.

Jua likazama nikiwa bado nimeshika. NyaGondwe hakuharakisha. Alipiga fundo, akakata uzi kwa meno, akampa mjukuu pedi yake. Kisha tukafungua Sabato.