Siku Niliyomjibu Abti kwa Sauti

Aabo, baba yangu mpendwa,

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi na akulaze penye kivuli. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu karatasi zote tulizosoma pamoja zilikuwa za Kiswahili: matangazo ya chifu, risiti za soko, ile ya chanjo ya mbuzi uliyonirudisha niisome mara tatu. "Soma polepole," ulikuwa ukisema, "sina haraka ya kudanganywa." Leo nina jambo la kukueleza, na hooyo, mama wa watu, amechoka kunisikiliza.

Nimemaliza shule, Aabo. Nimepata nafasi ya uanagenzi katika idara ya fedha ya kampuni kubwa inayojenga barabara. Asubuhi niko ofisini, na siku tatu kwa wiki alasiri naenda chuo kusomea uhasibu. Kampuni inanipa posho ya nauli na chakula. Karo ya chuo, kama ile ya shule, amekuwa akilipa abti Dakane, kaka yake hooyo. Hakuna aliyemwomba. Wiki moja baada ya kukuzika aliketi kwenye mkeka wetu akasema, "Huyu asome. Mimi nipo." Akanywa chai akaondoka.

Unakumbuka siku uliyonipeleka soko la mifugo nikiwa darasa la nne? Nilijificha nyuma yako, na rafiki zako wakakucheka. "Umetuletea mbuzi gani huyu, hata halii?" mmoja akauliza. Ukamjibu, "Huyu hauzwi. Huyu anahesabu."

Siku hiyo ndipo nilipoona wanaume wawili wakishikana mikono chini ya shali, nyuso zao zikitazama kwingine kabisa kana kwamba mikono si yao. Nyumbani ukanifundisha. Kidole kimoja ni mia au elfu, kutegemea mnyama. Kiganja kizima ni tano. Mkono ukitulia, bei bado haijafika. Ukikazwa, tumekubaliana. Na mkono haunyakuliwi ghafla, kwa sababu hapo umemtukana mwenzako.

"Kwa nini wasiseme tu?" nilikuuliza.

"Bei ikisemwa kwa sauti, aliyeshindwa anaaibika na aliyeshinda anaonewa kijicho. Chini ya shali kila mtu anarudi kwake na heshima yake."

Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali machozi yalinilenga, niliupenda mchezo ule kuliko michezo yote. Tuliweza kuzungumza kutoka alasiri hadi adhana ya magharibi, mimi na wewe, bila neno hata moja.

Ofisini mambo ni kinyume. Kampuni ikitaka kununua kitu, wauzaji wanaleta bei zao, na bei hizo zinasomwa kwa sauti mbele ya kamati ili kila mmoja asikie. Bi Mutheu, mhasibu anayenifunza, aliniambia mwezi wa kwanza tu, "Sahra, hesabu zako hazina doa, lakini ni kama hupo. Mwisho wa mwaka nitaandika nini kwenye ripoti yako?" Niliinamisha kichwa. Akacheka, "Haya, hata hapo umenijibu kwa kichwa."

Mwezi uliopita kambi ya wafanyakazi ilitafuta mtu wa kuwaletea nyama ya mbuzi. Wauzaji wawili walituma bei zao kwa barua pepe. Nilizichapisha mimi, nikazitia kwenye faili, na faili likakaa kwenye droo yangu kusubiri kamati ya Ijumaa. Tangu Jumatatu nilijua kwa hooyo kwamba abti naye ataleta bei yake. Wiki nzima nilijua, na sikumwambia Bi Mutheu. Sikufikiri ni jambo la kusema. Nusu ya mji huu wa Garissa ni jamaa zetu.

Alhamisi abti akaja. Amekonda, Aabo. Kiangazi kilimchukulia ng'ombe wote, amebaki na mbuzi. Alisimama pale mapokezi, bahasha mkono mmoja, shali begani. Akanisalimia, akanipa mkono, nami nikampa wangu, maana ni abti yangu. Shali ikateremka taratibu juu ya mikono yetu.

Kiganja kizima, kisha kidole kimoja. Mia sita kwa kilo. Akasubiri.

Nilidhani ni utani wa kunikumbusha wewe. Akabana tena, huku macho yake yakitazama dari na mdomo ukiuliza habari za hooyo. Hapo nikaelewa. Alitaka nimfikishe kwenye bei ya chini kabisa iliyomo katika faili langu. Nikituliza mkono, nimemwambia bado, ashuke. Nikiukaza, nimemwambia ni hapo. Nikiunyakua, nimemtukana mtu anayenisomesha. Ule ukimya niliojificha ndani yake maisha yangu yote, siku ile haukuwa na mahali pa kujificha. Kila nilichoweza kufanya bila kusema kilikuwa jibu.

Askari wa mlangoni akasogea. "Mzee, mbona umefunika mkono wa binti?"

"Huyu ni mtoto ya dada yangu," abti akamjibu. "Wewe iko na shida gani?"

"Shida sina. Naangalia tu."

Nikafungua mdomo. Nilikusudia kunong'ona, Aabo, wallahi. Lakini sauti ambayo haijazoea kutoka haijui kujipima. "Abti, bei za watu siwezi kukuambia!"

Dada wa mapokezi akaacha kuandika. Madereva wawili wakageuka. Askari akapasuka kicheko, "Kumbe hapo chini kuna mnada!"

Abti aliikunja shali yake polepole sana, akatia bahasha mfukoni, akatoka juani. Hata kuniaga hakuniaga.

Nilimweleza Bi Mutheu kila kitu huku nikilia. Alilichukua faili, akanipa maji. "Kukataa umefanya vizuri," alisema. "Lakini ulijua tangu Jumatatu kwamba mjomba wako anakuja, ukanyamaza. Ungeniambia, faili lingekuwa kwangu, na mzee asingekuwa na wa kumshika mkono."

Neno hilo limenikaa kifuani kuliko kicheko cha askari. Ijumaa nilizisoma bei mbele ya kamati, zote mbili, na hakuna aliyeniomba nirudie. Bahasha ya abti haikuwepo.

Jumamosi akampigia hooyo simu. Nilisikia kila kitu kwa sababu hooyo huiweka simu mbali na sikio. "Binti yako amenivua nguo mbele ya askari. Karo ya muhula huu mtafute kwingine."

"Nawe ulikwenda kumvua mtoto kazi yake," hooyo akamjibu, akakata. Kisha akanigeukia. "Lakini ulipiga kelele kweli? Wewe? Mimi nikikuita kula, kuitika kwako hakusikiki!" Tulicheka kidogo, halafu akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake wa garbasaar.

Aabo, abti si mwizi. Huyu ndiye aliyeuza dume lake ili nifanye mtihani wa kidato cha nne. Amefanya biashara ya mkononi tangu ujana wake, na kuulizia bei kwa mtoto wa dada yake hakukuonekana kwake kuwa ubaya. Alikuwa mtu mwenye dhiki aliyeona mlango umeachwa wazi, na aliyeuacha wazi ni mimi. Wewe ungejua namna ya kumkatalia akaondoka na uso wake. Nimeitafuta namna hiyo kila siku tangu hapo, na naanza kuamini kwamba ilikuwa ni kusema mapema, Jumatatu, ofisini kwa Bi Mutheu, kwa sauti ya kawaida tu.

Jumatano ni siku ya soko. Nimeomba ruhusa ya asubuhi. Nitakwenda kule kwa wanaume na mifugo, peke yangu safari hii. Nitamwambia abti kwamba nilimkosea kwa kunyamaza wiki nzima, kisha nikamwaibisha mbele ya watu, na naomba anisamehe. Nitamwambia pia kwamba kukataa kwangu kuko palepale, hata akiniuliza tena kesho.

Chuo kimenipa hadi mwisho wa mwezi, na posho yangu haifiki hata nusu ya karo. Hooyo anasema nikishasamehewa nimkumbushe abti karo. Sitamkumbusha. Nikiitaja karo siku hiyo, abti atadhani nimekuja kupatana bei, na mimi nitakuwa nimekwenda kuomba radhi.

Nakuombea kila baada ya swala ya alfajiri. Pumzika kwa amani.

Binti yako wa kwanza,
Sahra