Sweta Si Kitambaa cha Sufuria

Baba Mwangangi,

Isyo ya jana, yale mahindi na maharagwe, iko kwa sufuria, pasha tu. Mbuzi wanywe maji mapema.

Asubuhi uliepua uji ukishikia sweta ninayomfumia mtoto wa binti yetu Kalondu. Nilipopiga kelele ukasema, "Si ni kitambaa tu?" Mkono mmoja wa sweta umeungua! Wiki nzima ni shamba, maji, kanisa. Hiyo sweta nimeifuma nikiwa nimesimama, nikingoja uji uchemke.

Kalondu anatoka hospitali kesho na mtoto wake mchanga, na hapa Kilungu ni baridi. Nimeenda kwa jirani yetu Syokau, huko hakuna wa kuniita kila saa. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi nikimaliza mkono.

Usinifuate. Ukishindwa kabisa, njoo, lakini ukae kimya unishikie uzi.

Mama Mwangangi