Kitunga Chako Kiko Makumbushoni

Mount Druitt, Sydney
Jumapili mchana, baada ya ibada ya kwenye simu

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Nakuandikia nikiwa jikoni, na chai yangu imeshapoa kwa sababu kila nikishika kalamu mtu ananiita. Goti lako linaendeleaje? Na maji ya ziwa yameshatoka kwenye uwanja wa kanisa hapo Uvira, au bado mnaruka mawe kwenda kusali? Sisi huku hatujambo. Mume wangu Byamungu hajambo, Neema hajambo na amenipita kimo, na mimi nimenenepa, usimwambie mtu.

Nimeandika kwa mkono jinsi unavyopenda, kisha nitazipiga picha kurasa zote nimtumie kaka Dieudonné kwenye simu yake akusomee. Kaka, soma yote. Usiruke, na usiongeze ya kwako. Ningeweza kupiga simu, lakini Mama nakujua. Ningefika neno la pili ungeanza kupiga kelele, mtandao ukatike, na mimi nibaki na dhambi yangu mdomoni. Kwa hiyo naisema hapa hapa: kitunga chako hakiko nyumbani kwangu. Hakikuungua, hakikuibwa, wala sikukigawa kwa akili zangu timamu. Kiko kwenye makumbusho madogo huko jangwani, ndani ya kabati la kioo, na jina lako limeandikwa chini yake.

Kaka, mpe maji ya kunywa. Sasa niendelee.

Sijasahau namna kitunga kile kilivyonifikia. Siku tuliyoondoka kambi ya wakimbizi ulikijaza karanga za kukaanga na ndagala wakavu wa ziwani, ukakipitisha dirishani mwa basi, ukasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kugombana ili usilie, "Chombo changu nakitaka!" Nilijua maana yake. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na hakitumwi kwa mkono wa mpita njia, unakirudisha mwenyewe. Miaka tisa kimekaa juu ya kabati langu. Neema aliwahi kuomba aweke vibanio vyake vya nywele humo, nikamfukuza chumbani.

Sasa utauliza kilitokaje juu ya kabati kikafika jangwani. Mlaumu mkwe wako.

Unajua Byamungu anaendesha lori. Anapakia makontena bandarini Port Botany, anakwenda nayo magharibi siku mbili, mpaka karibu na mpaka wa jimbo la pili, ambako hakuna miti wala watu, ardhi nyekundu tu kama matofali yaliyosagwa. Kila akirudi anatusimulia vibao alivyoviona njiani. Eti kila kamji kenye nyumba kumi kana makumbusho yake! Anapita na lori, hawezi kusimama, muda ni wa bosi. Mwaka jana tulifungiwa ndani kwa korona, mwaka huu mwezi wa nne wakatufungulia, shule zikawa likizo, na mimi nikapata wiki moja ya kupumzika kutoka kwa wazee ninaowatunza kule St Marys. Byamungu akasema, "Sikia, mimi nimechoka kuona bibao. Safari hii tuko tunaingia ndani."

Mama, sijafurahi hivyo tangu nije nchi hii. Tuliimba njiani mpaka sauti zikakauka. Tuliona wale ndege wakubwa wasioruka wakishindana mbio na gari letu, na walitushinda. Makumbusho ya kwanza yalikuwa jela ya zamani, na Neema akamfungia baba yake seli namba mbili akamwambia atubu. Ya pili yalikuwa nyumba ya mchimba madini mmoja marehemu, mawe tupu kutoka mlangoni mpaka chooni. Mjane wake alitueleza kila jiwe, na hatukuwa na moyo wa kumkatiza.

Ya tatu ndiyo yenye kesi yangu. Yako ng'ambo kidogo ya mpaka wa jimbo, kwenye kituo cha treni kisichopita treni tena. Hayafunguliwi mpaka upige simu, kwa sababu mwenye funguo ni mama mmoja mzee anayekaa nyumba ya pili. Anaitwa Maureen. Byamungu alipompigia, akajibu kwamba tunakaribishwa sana, atakuwa ameshaweka maji ya chai motoni.

Hebu niambie wewe uliyenizaa. Mtu mzima, umri wako, anakuambia ameweka maji ya chai motoni. Utakwenda mikono mitupu? Niliamka asubuhi kwenye chumba tulichopanga, nikaumua unga, nikakaanga mandazi. Kwenye gari nilikuwa na kitunga chako, maana safari ndefu napenda kuwa nacho karibu, ni kama umekaa kiti cha nyuma. Nikakitandika kitambaa cheupe, nikapanga mandazi humo. Byamungu alinitazama akasema, "Mama Neema, ile ni makumbusho, si ukweni." Neema naye akasema kwa Kiingereza chake, "Mum, please don't," yaani nisimtie aibu. Sikumsikiliza yeyote.

Tulifika mapema kwa nusu saa, kwa sababu huko hata saa zao zimerudi nyuma kwa nusu. Maureen alitoka barakoa usoni, mdogo wa mwili, miguu ya haraka. Nikamkabidhi kitunga kwa mikono miwili na goti nikapinda kidogo. Alikiangalia, akaomba nisubiri. Akaingia ndani, akarudi amevaa glavu nyeupe za kitambaa. Mimi ninayevaa glavu kutwa kazini nikajua ni mambo ya korona, nikampongeza moyoni kwa usafi. Akahamishia mandazi kwenye sahani, akakiinua kitunga kwa mikono yote miwili, taratibu, akapotea nacho chumba cha nyuma. Nami nikajua amekwenda kukijaza.

Basi tukatembezwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nusu ya vitu vilivyofungiwa mle vya watu wa kale ni vile unavyotumia wewe leo! Pasi ya mkaa, taa ya chemli, cherehani ya mkono, mbao za kufulia. Byamungu alisimama mbele ya pasi akaimba jina lako. Akasema, "Kumbe mama mukwe anaishi mu makumbusho na hamumulipishi tiketi!" Nilipomtafsiria Maureen, akacheka mpaka barakoa ikamshuka.

Kwenye chai akaanza kuniuliza kuhusu kitunga. Nani alikisuka? Wapi? Kwa nini rangi inabadilika katikati? Mama, miaka tisa nchini humu, watu wameniuliza natokea wapi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza habari zako. Nilimwaga yote. Nikamwambia ulivyofumua nyuzi za buluu kwenye magunia ya chakula pale kambini, zikaisha ukiwa nusu, ukafumua sweta yako nyekundu ukaendelea, na baridi ikakupiga msimu mzima. Yeye alikuwa anaandika. Nikafikiri ni mtu wa kupenda kuandika tu. Mwisho akaniletea karatasi nitie jina, namba ya simu, anwani na sahihi. Na huku, Mama, kila mlango unaoingia tangu korona ije unaandika jina na simu, dukani, kanisani, kinyozi, ili akipatikana mgonjwa mtafutwe wote. Miwani yangu ilikuwa garini. Nikatia sahihi bila kusoma, hata nikamvuta Byamungu atie yake kama shahidi, pale Maureen alipoweka kidole. Hatukujiuliza korona inataka shahidi wa nini.

Kisha tukaaga, tukaingia kwenye gari, tukasubiri kitunga. Maureen akasimama barazani akatupungia mkono. Nasi tukampungia. Tukakaa. Akapunga tena, tukapunga tena.

Byamungu akanong'ona, "Mama Neema, ile kitunga iko wapi?"

"Nyamaza. Anatia kitu ndani."

"Inatiwa na nani? Yeye si ule pale?"

"Sasa unataka nikamdai mwenye nyumba chombo kama polisi?"

Tulipungiana hivyo karibu robo saa, mpaka mkono ukaniuma. Ikabidi tuondoke. Nikawaambia ameandika anwani yetu, basi atakituma kikiwa kimejaa. Byamungu akawasha gari. Mpaka mji wa Broken Hill alikuwa anatazama kioo cha nyuma.

Wiki zikapita. Korona ikarudi tena Sydney, wakatufungia ndani, na jimbo lile la pili likafunga mpaka wake, mtu wa Sydney haruhusiwi kukanyaga. Hapo ndipo ikaja bahasha. Ndani mna picha, nayo nitakutumia: kitunga chako kwenye kabati la kioo, kati ya kengele ya ngamia na kiatu cha mchimba madini, na kibao cheupe chini. Neema akanisomea: "Kitunga. Kimesukwa na Nabintu, wa Uvira, Kongo, akiwa kambini Tanzania. Nyuzi za magunia na sweta yake. Kimetolewa zawadi na binti yake." Na barua ya shukrani, na nakala ya ile karatasi yangu ya korona, ambayo haikuwa ya korona. Nilikuwa nimetoa kitunga chako milele, kwa sahihi yangu mwenyewe na shahidi.

Nililia, Mama. Nililia kwa aibu kwanza. Halafu nikalitazama tena jina lako, nikalia kwa sababu ya lile jina. Kwenye karatasi za kambi ulikuwa namba na idadi ya watoto. Hapa umeandikwa Nabintu, mtu aliyesuka.

Siku tatu sikuweza kula vizuri. Siku ya nne nikampigia Maureen, nikamweleza kila kitu: basi, karanga, chombo cha mtu na namna kinavyorudi. Akaniuliza tena ile ya chombo, nikairudia. Kisha akaomba radhi mpaka ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Akasema alipotuona tunapunga mikono garini alidhani sisi ni watu wazuri sana, ila hatukufundishwa kuondoka! Tukacheka wote wawili, yeye kule jangwani, mimi jikoni kwangu. Akaniambia, "Ni chako, nitakituma posta ifunguliwapo."

Nilitaka kusema ndiyo, tuma. Lakini alikuwa ameshaniambia kwamba watu wa pale mjini, wale wachache, wanakuja kukiangalia. Mchunga kondoo mmoja mzee alikaa mbele yake akasimulia mama yake alivyofumua sweta wakati wa shida. Nikamwambia Maureen ukweli: kitunga si changu, sina mamlaka ya kukitoa wala ya kukirudisha. Ni cha mama yangu.

Alinipigia kesho yake. Alikuwa amekaa na wenzake wawili wa kamati, wote wazee, wakachana ile karatasi yangu wakaandika nyingine. Na kibao wamekibadilisha. Kaka, hapa soma polepole. Sasa kinasema: "Mali ya Nabintu wa Uvira. Kimeazimwa. Mwenyewe atakuja kukichukua."

Wameandika na barua yenye muhuri wa makumbusho, kwamba wanamsubiri mwenye kitunga afike mwenyewe. Byamungu anacheza na barua ile ameiinua juu kama kombe la mpira. Unajua ombi lako la viza limelala tangu nchi ifunge milango. Siku wakifungua, tunaiweka barua hii juu kabisa ya karatasi zote. Ofisi inaweza kukataa binti aliyemkumbuka mama yake, imeshanikatalia mara mbili, lakini sasa waje waniambie mali ya watu isichukuliwe na mwenyewe. Sikudanganyi kwamba watakubali. Nasema tu nina furaha ambayo sikuwa nayo mwaka jana.

Lakini hatufanyi lolote bila kauli yako. Ukisema kirudi kwangu leo, kitarudi, na nitakuletea kwa mikono yangu siku barabara zikifunguka. Ukisema kikae kikusubiri, nitamwambia Maureen. Mwambie kaka aniandikie.

Nisalimie kaka Dieudonné mwenyewe, asante kwa kusoma, na mkewe anayekupikia. Nisalimie shangazi aliyenisuka nywele siku ya harusi, mama mchungaji, na jirani wa mlango wa bluu kama amepona. Neema anasema "love you, Bibi", na hilo halihitaji kutafsiriwa. Byamungu anakusalimia wewe na pasi yako.

Jambo moja bado sijakueleza. Maureen ameshika ile desturi yetu kwa mikono miwili. Ameapa kitunga hakitatoka kwake kitupu, na ameniuliza mama yangu anapenda nini, aanze kutafuta. Nikafungua mdomo haraka nikasema sukari, ya kutosha. Halafu nikakumbuka kaka alivyosema daktari amekukataza sukari. Nikasema basi khanga nyekundu, nikakumbuka picha yako ya Pasaka, umevaa kijani, na umevaa kijani katika picha zote. Nikakaa na simu mkononi, Mama. Nimemwambia asubiri nikuulize.

Siku hizi unapenda nini?

Binti yako,
Mapendo