Injini Imening'inia Mlangoni kwa Bibi

Yuditha shoga, upo? Salamu baadaye, soma kwanza. Ukasha, yule mume wa Zamda, kang'oa injini ya gari nyumbani!

Lile gari la spoti la mteja wa Korogwe, la chini mpaka linakwaruza matuta. Gereji hakutaka, eti vijana watampotezea boliti. Akafunga mnyororo wa kunyanyulia kwenye boriti ya baraza ya uani, akavuta, injini na giaboksi vikapanda pamoja.

Zamda yuko pale pale anakoroga uji, akaona vumbi linadondoka toka juu. "Baba Shamimu, boriti inalia."

"Wewe pika."

Akatazama juu tena. "Boriti inalia jamani."

"Nimesema pika! Tangu lini umekuwa fundi?"

Mara kaaa! Boriti ikapinda, mnyororo ukakwama. Injini haipandi, haishuki. Inaning'inia mbele ya mlango wa chumba cha mama yake Ukasha, na bibi wa watu yumo ndani!

Dirisha lina nondo. Bibi anaita, "Ukasha, nipite chini ya chuma hicho?"

"Usipite, mama!"

"Basi kishushe."

"Hakishuki, mama."

Majirani wameleta nguzo ya kuegemeza, hakuna anayethubutu kuingia chini. Wamesimama tu. Shoga, wanaume wazima, wamesimama tu!

Zamda kampitishia bibi kikombe cha uji kwenye nondo, kamshika mkono, hajauachia mpaka sasa. Ukasha hawezi hata kumtazama. Kauliza kwa sauti ndogo, "Mama Shamimu, bado inalia?"

Zamda kasema, "Inalia."