Kikombe Kisichoachiwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na usingizi, umeanza kurudi? Mimi mzima kwa kiasi changu. Mwandiko huu usikushtue. Mkono wa kushoto bado ni mwanafunzi.

Kila ukipiga simu unauliza kama mkono wa bandia umefunguka, nami hujibu bado. Ngoja nikueleze. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda kwenye vidole vyangu, daktari aliihamishia kwenye msuli wa kifua. Nikiwaza kukunja vidole, kifua hucheza, kifaa kilichobandikwa hapo huhisi, na vidole vya plastiki hujikunja. Nikiwaza kukunjua, navyo vinatakiwa vikunjuke.

Fundi wa mikono ni mcheshi. Mwezi mzima nashika kikombe vizuri, ila hakitoki mpaka anibandue kidole kimoja kimoja. Ameniita Mkono wa Birika. Anasema mabahili amewaona, lakini wa kunyima hata kikombe kitupu ndiye mimi. Wodi nzima hucheka, nami hucheka. Daktari hacheki. Amesema Jumatatu usipofunguka, basi mshipa wa kukunjua haukushika, na atanipasua tena.

Mama, mshipa umeshika.

Ukuta ulipotuangukia nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu, Chiriku wetu. Waokoaji walinikata ili wanitoe. Mkono ukabaki kule chini na yeye. Mlimzika mimi sijitambui. Lakini ule mkono usiokuwepo haujamwachia. Navihisi vidole vyake, jasho lake, ile pete ya waya aliyojitengenezea. Siku ya kwanza ya mazoezi niliwaza kukunjua, kikombe kikadondoka fundi akiwa amenipa mgongo, na nikahisi vile vidole vyake vinateleza. Nikakunja upesi. Nikasema kimeniponyoka. Tangu hapo fundi akisema fungua, mimi nabana.

Kisu sikitaki tena. Ila siwezi kumwachia mwanao bila ruhusa yako. Kwenye simu ungelia, nami ningekwambia tena bado. Ndiyo maana nimeandika. Ukishasoma nipigie kabla ya Jumatatu. Hata neno moja litatosha.

Baba mpe shikamoo yangu, lakini barua usimsomee. Shangazi naye msalimie, akukande hilo goti kwa maji ya moto.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.